Mama Mkwe, Giaboksi na Kiti cha Mbao

Mpendwa Mama Mkwe,

Juzi nilikalia kiti chako. Najua ungesema mkwe hana ruhusa ya kukalia kiti cha mama mkwe, tena mbele ya nyumba, tena mchana kweupe. Lakini hukuwepo kunikataza, na wanao walikuwa nyuma ya jiko wakibishana nani achukue kuku. Basi nilikaa. Kwa sababu ya nilichokiona nikiwa nimekaa pale, imenibidi nikuandikie, maana siku tuliyokuzika mimi sikukuaga.

Wasioijua desturi ya kwenu wataniuliza ni mkwe wa aina gani asiyefika kwenye kaburi la mama wa mkewe. Wewe unajua. Siku ile nilileta ng'ombe niliyepaswa kuleta, nikaketi na wakwe wenzangu chini ya turubai nyuma ya nyumba, tukasikia nyimbo, tukasikia mchungaji, kisha tukasikia udongo. Mkwe hatazami kaburi likifunikwa. Nilitii kwa sababu nilijua wewe ungetii. Ila sikupenda, na hilo nakwambia wazi kwa vile sasa huwezi kunitumia ujumbe wa kunikemea kupitia Akinyi.

Tangu nimuoe Akinyi wako, mimi nawe hatukuwahi kushikana mikono. Nikija Kombewa nilisalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, nawe ukaitikia ukitazama pembeni. Nilikula sebuleni na shemeji yangu Ochieng', kifungua mimba wako, wewe ukiwa jikoni. Sikuwahi kulala kwako hata mvua ilipofunga barabara. Mtu angeniuliza mama mkwe wangu anafananaje, ningemjibu kwamba ana sauti nzito na gauni lenye maua, zaidi ya hapo aulize wengine.

Halafu gari lako likaanza kuteleza.

Lile gari jeupe la mizigo ulilinunua ukiwa mjane, watu wakacheka. Ndugu yako, aliyeendesha malori maisha yake yote, ndiye aliyekufundisha kulishika, na ulilishika kama lori kweli. Kila wiki ulilijaza magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wakavu, ukapanda nalo Kericho, ukawauzia wale mama wa sokoni waliokungoja, kisha ukarudi na kabichi na viazi vya kuuza Kombewa. Akinyi ananiambia alisomeshwa na harufu ya omena, na mashati yake ya shule yalinukia hivyo. Mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Siku moja ulikanyaga mafuta ukipanda mlima, injini ikanguruma, gari likabaki kutambaa. Ukiweka gia ya D, ya kwenda mbele, lilifikiri kwanza kabla ya kusogea. Ukipakia magunia, lilikataa kabisa. Gereji moja mjini walisikiliza mara moja tu wakasema giaboksi imekufa, itolewe nzima, iwekwe nyingine. Uliposikia gharama yake ulirudi nyumbani taratibu, ukaliegesha mbele ya nyumba, ukalifunika kwa turubai.

Wanao walikutana. Sisemi walikuwa wabaya, Mama. Walikuwa na hofu juu yako kwenye ule mteremko wa Kericho, na hofu ya mtoto kwa mzazi huwa haijui adabu. Walisema gari kufa ni ishara ya Mungu kwamba upumzike. Ochieng' alikuwa ameshakukarabatia nyumba ili upende kukaa, akakuwekea madirisha mapya makubwa ya vioo vya rangi, yale ambayo jogoo wako alipigana nayo juma zima akidhani kuna jogoo mwingine. Walikupatia televisheni. Kisha wakapata mnunuzi wa Awasi aliyekuwa tayari kulichukua gari lilivyo, alivute akauze vyuma vyake. Angekuja Jumapili baada ya kanisa.

Akinyi aliniletea maneno yako jioni nikiwa navua viatu. Alisema, "Mama anasema uende umwangalilie gari. Anasema wewe, si fundi."

Nilimuuliza kwa nini mimi. Mimi nilikuwa dereva wa kusambaza mikate, na gari la mikate lilikuwa la gia za mkono. Otomatiki kama lako nilikuwa naijua kama ninavyoijua Ulaya, yaani kwa kusikia. Akinyi akanijibu kwamba fundi yeyote wa Kombewa angempigia Ochieng' simu kabla hajashika spana. Ulitaka mtu ambaye angefanya kazi akanyamaza, na hakuna anayenyamaza mbele yako kama mkwe.

Niliomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumamosi. Kabla sijaja nilipitia Mamboleo kwa rafiki yangu Juma, ambaye baba yake alikuwa fundi na yeye ni fundi. Nikamweleza dalili zote. Akanikataza nisifungue giaboksi yenyewe hata kama nitaota naifungua. "Anza na vitu vya bei ndogo," akasema. "Pima oili, fungua sampu, lile beseni la oili chini ya giaboksi, badilisha chujio. Kwenye sampu kuna sumaku. Ukikuta unga laini, shukuru Mungu. Ukikuta vipande, funga urudi nyumbani." Akaniazima jeki, koleo la kubana na faneli, na akaniuzia oili yenyewe, ile nyekundu, pamoja na chujio na gasketi ya kuzibia ukingo wa sampu. Alinisisitizia nisichanganye na oili ya injini.

Nilifika kwako nimevaa shati jeupe na suruali ya pasi, kwa sababu ukweni ni ukweni. Overoli niliificha kwenye mfuko wa plastiki kama mwizi. Ulinipokea ukiwa umetazama mti wa mpapai, ukaniuliza hali ya watoto, nami nikaujibu mpapai. Sote tulikuwa tumeliona tatizo. Mkwe gani atalala chali kwenye uwanja wa mama mkwe, miguu nje, tumbo wazi, amepakwa oili, na yeye mwenye nyumba akiwepo? Ungeingia ndani na kujifungia, hakuna ambaye angenipa taarifa za gari. Ungebaki, ingekuwa aibu ya kusimuliwa vizazi.

Ndipo ulipoingia ndani ukatoka na kiti cha mbao. Ukakiweka hatua chache kutoka kwenye gari, ukakigeuza kikaelekea nyumba, ukakaa ukinipa mgongo. "Vaa nguo ya kazi, Ora," ukasema. Ora, mkwe wangu, ndivyo ulivyoniita siku zote. "Mimi siko hapa. Wewe uliza tu ukuta."

Kwa hiyo niliuliza ukuta. Niliuliza ulikuwa unapima oili ya giaboksi vipi. Ukajibu kwamba kila asubuhi, kabla ya kuwasha, unatoa kijiti, unakipangusa, unakirudisha, unakitoa, na siku zote oili imejaa. Ndugu yako alikufundisha hivyo kwa oili ya injini. Nikakwambia alichosema Juma, kwamba oili ya giaboksi hupimwa injini ikiwaka, tena ikiwa imepata moto, maana ikizimwa inateremka yote chini na kijiti kinadanganya. "Kwa hiyo hii kijiti imekuwa ikinidanganya," ukasema, "na mimi naipangusa kila asubuhi na kitambaa safi."

Ili kupima, mtu alipaswa akae ndani akanyage breki, apitishe gia zote polepole, na mwingine asimame mbele. Uliinuka kwenye kiti, ukazunguka upande wa pili nikiwa nimejigeuza, ukaingia. Mimi nikafungua boneti, na boneti ikawa pazia. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kufanya kazi pamoja, Mama, wewe ukitangaza kutoka ndani umefika kwenye R, umefika kwenye N, na mimi nikijibu nikiwa nyuma ya bati. Nilichomoa kijiti. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, na ilinuka ugali ulioungua.

Nikakutaka urudi kwenye kiti chako. Nikanyanyua mbele kwa jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Kwenye ukingo wa sampu nilikuta umande mweusi. Gasketi ilikuwa imechoka na oili ilikuwa ikidondoka tone tone, pengine kwa mwaka mzima, na omena zikafunika harufu. Bandu bandu huisha gogo.

Nilipofungua sampu sikuilegeza kwa upande mmoja kama nilivyoagizwa. Ilishuka yote kwa pamoja na oili yake nyeusi, ikanimwagikia usoni na kifuani. Sikupiga kelele, naapa, nilikaza meno kwa heshima. Lakini nilipogeuza shingo nikaona mabega yako yanatikisika kwenye kiti. Ulikuwa unacheka. Hukusema kitu, ulitikisika tu mpaka kiti kikalia. Nilifikiri umenisikia nikitema.

Sumaku zilikuwa na unga. Niliupikicha kwa vidole muda mrefu, nikitafuta kipande, nikiogopa kukipata. Ulikuwa laini. Nikakwambia, na ukasema Nyasaye, ukimtaja Mungu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwako.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, mimi chini nikikwangua gasketi ya zamani, wewe ukiongea na nyumba. Nilikuuliza unateremka vipi ukitoka Kericho.

"Naweka frii, hakuna gia," ukasema. "Gari inashuka yenyewe mpaka karibu Awasi, petroli inalala. Ndugu yangu alinifundisha."

"Na ukifika tambarare, Mama?"

"Narudisha D."

"Ikiwa bado inakimbia?"

"Sasa nisimame katikati ya barabara nifanye nini?"

Nilicheka chini ya gari peke yangu. Kisha nikakueleza kadiri nilivyoelewa, kwamba ndani ya otomatiki kuna sahani zinazoshikana, na kila uliporudisha D kwa kasi ulizilazimisha zishikane zikiwa zinakimbia, zikaungua kidogo, na oili nayo ikiwa haba. Ulisikiliza mpaka mwisho. Ukauliza kama ndugu yako alikosea. Nikasema hata kwenye lori si salama kuteremka hivyo, breki inabaki peke yake na mlima, lakini lori lilimvumilia na hili limekataa. Ukasema basi ulikuwa ukiokoa petroli kwa kula giaboksi. Ukarudia maneno hayo mara ya pili, taratibu, kama mtu anayejisomea hukumu.

Ndipo uliponiambia lile ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Akinyi, mpaka leo.

"Hawa watoto wangu wananipenda, Ora, sikatai. Lakini nikiacha kwenda Kericho, nitabaki kungoja watu waniletee chumvi. Mimi nilibeba omena kwa kichwa ndio nikafika kwa gari. Hii gari ikitoka kwa hiyo gate, mimi sitoki tena."

Nilikaza koleo mkononi. Ungekuwa umenitazama usingeyasema, na mimi ningekuwa nimekutazama nisingeyasikia vizuri. Nimeishi na watu wengi tunaotazamana kila siku, na hawajawahi kuniambia jambo kama hilo.

Mchana ule bolti moja ya sampu ilinikatikia. Nilikuwa nikijaribu zote kwa vidole kabla ya kufunga, na hiyo ikagoma, nikailazimisha kwa spana, nusu ikabaki ndani. Nilitoka chini ya gari nikaketi kwenye vumbi, kichwa mikononi, nikifikiria yule mtu wa Awasi na kebo yake ya kuvutia. Sikutoa sauti yoyote. Nilikuwa najiandaa kukwambia nimeshindwa. Wewe, bila kugeuka, ukasema, "Kunywa maji kwanza. Yako hapo kwa kivuli. Bolti ni chuma tu." Nilikunywa. Nikaikuta shingo ya bolti imechungulia kidogo, nikaibana kwa koleo la Juma, nikaizungusha kwa upole wa mtu anayetoa mwiba kwa mtoto, ikatoka.

Nakumbuka nilikuuliza, maana maji yalinipa ujasiri, kama siku ya kwanza niliyoletwa kwenu ulinipenda. Ukasema ulinijua kwa viatu tu, kwa sababu macho yako yalikuwa chini. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kahawia. Wajomba walisema ni dharau kuja ukweni hivyo. Wewe ulisema moyoni kwamba huyu hajaazima viatu vya mtu, amekuja na vyake, hatamdanganya mwanangu. "Tangu siku hiyo," ukasema, "nakujua kwa viatu."

Siku ya pili nilikuja mapema. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na uwanja umelainika, nami nilitaka kuweka chujio jipya na kufunga sampu haraka. Hapo ilibidi nisogeze gogo moja ili mkono upite, nikasema nitalirudisha sasa hivi. Haraka yangu hiyo. Nilikuwa nimefunga bolti za upande mmoja nilipokusikia.

"Ora. Toka hapo chini. Sasa."

Hukupaza sauti. Kama ungepaza, nadhani ningekuuliza kuna nini. Lakini lilikuwa lile neno la mtu aliyewahi kuwatoa watoto sita kwenye moto wa jiko, na miguu yangu ilitii kabla ya mimi. Nilijiburuta nje. Jeki ilikuwa inazama upande mmoja kwenye udongo, polepole, bila kelele, kisha ikalala, na gari likashuka likaegemea gogo lililobaki. Pale kilipokuwa kifua changu palibaki nafasi ya kupitisha sinia.

Wewe ulikuwa bado umenipa mgongo, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, na vidole vilikuwa vimekaza. Nikakuuliza umejuaje. Ukasema umesikia. Nikakuamini, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba masikio yako si ya kawaida. Uliniambia niende nikatafute ubao wa kuweka chini ya jeki, na nisirudi chini ya gari mpaka niweke magogo mawili kila upande, na niyahesabu kwa sauti uyasikie. Niliyahesabu kama mtoto wa chekechea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulinipa jembe siku ya kwanza, na ya pili ukanirudishia uhai.

Nilimaliza kufunga, nikamimina oili nyekundu kupitia faneli, nikarekebisha waya mwembamba unaotoka kwenye kanyagio la mafuta kwenda giaboksi, ambao Juma aliniambia ukilegea gari huwa mvivu wa kushika gia. Tukapima tena na boneti ikiwa pazia. Mara hii kijiti kilisema kweli.

Kulijaribu barabarani tusingeweza kwenda wote, mkwe na mama mkwe kwenye kibanda kimoja. Ulikwenda peke yako. Nilisimama langoni nikiwa na overoli yangu nyeusi, nikakusikiliza ukielekea kile kilima cha sokoni. Nilisikia injini ikipanda sauti, nikafunga macho nikingoja ule mngurumo usio na mwendo. Haukuja. Gia ilibadilika, sauti ikashuka, ikapanda tena, ikabadilika tena, mpaka nikakupoteza nyuma ya mlima. Ulikaa huko muda ambao haukuwa wa majaribio tu. Uliporudi, ulisimamisha gari, ukashuka, ukaweka chupa ya soda chini katikati ya uwanja, ukarudi nyuma ili niichukue. Nilikunywa nimesimama. Sikumbuki soda tamu kama ile.

Jumapili yule mnunuzi alipofika, gari halikuwepo wala wewe hukuwepo. Ulikwenda kanisani nalo, kisha ukawapitia kwa makusudi hapo langoni, dirisha limefunguliwa, polepole, Ochieng' amesimama na mgeni wake. Akinyi ananiambia ulimsalimia mgeni kwa adabu sana, ukamuuliza amekuja kumwona nani. Nyumbani kwako, Ochieng' hakunisemesha mpaka sikukuu ya Krismasi. Kisha yeye mwenyewe akanijia na gari lake, linapiga kelele kwenye gurudumu la nyuma.

Uliendesha lile gari mpaka mwisho. Ulinitumia salamu kupitia Akinyi kwamba huweki frii tena, na mara moja ukaongeza kwamba mlima wa Kericho sasa unakula petroli na mimi ndiye wa kulaumiwa. Ugonjwa ulipokuja haukukaa sana. Wiki ya mwisho uliyokuwa na nguvu, ulikwenda kuwaaga wale mama wa sokoni, ukarudi na viazi. Hukungoja mtu akuletee chumvi. Hilo ndilo ninaloshika pale moyo unapokataa kutulia, maana unakataa, Mama, na sikutegemea. Hakuna aliyeniambia kwamba mkwe naye hulia.

Sasa nifike kwenye kiti.

Juzi wanao walikutana tena kugawana vyombo. Ochieng' alinipa ufunguo wa gari mbele ya wote, akasema ni la Akinyi, na asiyekubali aseme. Hakuna aliyesema. Nikaenda kuliwasha, nikalipasha moto, nikapima oili injini ikiwaka, kwa kitambaa safi. Lilikuwa limeegeshwa pale pale tulipolitengenezea. Kiti chako kilikuwa pale pale pia, kimeelekea nyumba, nadhani hakuna aliyewahi kukigeuza. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kujua ni nini ulikuwa ukikitazama siku mbili zile, ukuta gani huo uliosikia mambo yetu yote.

Nilikaa. Mbele yangu palikuwa na dirisha kubwa la Ochieng', lile la kioo cha rangi. Na ndani ya kioo lilikuwepo gari lote lililokuwa nyuma yangu. Tairi hizi hapa, mlango huu hapa, nafasi ya chini ya gari mpaka kwenye sampu, na udongo mahali jeki iliposimama. Nikanyoosha mguu pembeni, nikauona, kiatu na kamba yake.

Kwa hiyo hukusikia jeki. Uliiona ikizama. Na ulipocheka uliniona uso mweusi, na ulipoagiza ninywe maji uliniona nimeshika kichwa. Uliweka kiti pale kwa kupima. Ulinipa mgongo ili desturi isidhurike, na ukanitazama siku mbili nzima ili mimi nisidhurike. Na wala hukuniambia, kwa sababu kuniambia kungevunja kile ulichokitunza.

Madirisha yale yaliwekwa ili ukae nyumbani, nawe ukayatumia kumchunga mtu aliyekuwa akikutengenezea njia ya kutoka. Nilicheka pale kitini mpaka Akinyi akatoka jikoni akaniuliza nina nini. Nilishindwa kumwambia. Atalisoma hapa.

Alhamisi hii Akinyi anapanda Kericho kwa mara yake ya kwanza, na magunia sita nyuma. Nimemwonyesha kupima oili. Nimemwambia mteremko mzima aushuke na gia. Ameniambia nimeanza kuongea kama mama yake.

Wengine walikuaga kaburini, na mimi sikuruhusiwa kuliona. Lakini juzi, kabla sijainuka, nilivua kofia, nikainua kichwa bila kukiinamisha, nikatazama ndani ya kile kioo pale ambapo uso wako ulikuwa ukinitazama, nikakwambia kwaheri. Hakuna desturi niliyovunja, Mama. Nilikuwa nimegeukia nyumba.

Pumzika vizuri, kwa kupenda mwenyewe.

Mkweo,
mwenye viatu vya kamba mbili